Mwanga kwenye Mlango wa Baba

Jumatatu, 2 Juni
Mama anataka picha ya marehemu Baba ukutani kabla ya Jumapili. Shangazi, dada yake Baba, anakuja. Nzuri ni moja tu, niliyoipiga mwenyewe miaka ishirini na miwili iliyopita. Baba kasimama mlangoni pa nyumba, anacheka. Ukuta wa nje unawaka jua, uso wake mweusi kama sufuria ya kuni.
Nimeiskani kazini. Mpigapicha wetu — tunamwita Miwani — kanionya: ukiongeza mwanga picha nzima, ukuta utaungua, ubaki mweupe mtupu. Zungushia mstari uso peke yake, ung'arishe huo tu.

Jumanne, 3 Juni
Nimezungushia uso. Baba ana meno! Nimemtumia Mama kwenye simu. Kajibu papo hapo: na shati je? Nimeling'arisha shati. Kaandika tena: huko nyuma yake mlangoni kama kisimani, tia mwanga.

Jumatano, 4 Juni
Nimetia. Mezani nyuma ya Baba kuna cherehani ya mkono, mpini umefungwa kitambaa cha buluu.
Ni ya Shangazi. Ilikuwa riziki yake, ikapotea. Tangu hapo kila akija salamu yake kwa Mama ni hiyo hiyo: "Wifi, siku hizi unashona?" Na Mama kila mara huapa hajawahi kuiona.
Nimemtumia. Kajibu: "Zima hiyo taa, mwanangu."
Baba ndiye aliyeichukua, anasema, tulipokuwa shule, ili tushonewe sare. Na sasa iko wapi? Chini ya kitanda cha Mama! Kwa nini hairudishi?
"Miaka yote hiyo, nianzie wapi?"

Alhamisi, 5 Juni
Miaka thelathini na mmoja gazetini sijafuta kitu kwenye picha. Nimemweleza Miwani. Kasema kurudisha kivuli si kufuta, kivuli kilikuwepo. Hoja dhaifu. Nimeikubali.
Nimetia giza mlangoni. Ukingo nimeuzungusha vibaya, sikio la kushoto limeenda na giza. Mama hajali. Eti hata lilipokuwepo alikuwa hasikii.

Jumamosi, 7 Juni
Nimechukua picha dukani kwa mchapishaji wa picha, imetiwa fremu na kufungwa gazeti juu. Nimeifungulia nyumbani. Cherehani inang'aa kama iko dirishani dukani! Nimempigia mchapishaji.
"Nilikusaidia, bosi. Kulikuwa na giza nyuma ya mzee, nikaliondoa. Bure kabisa."
Hafungui duka tena hadi Jumatatu. Mama kaitundika juu kabisa, karibu na dari.

Jumapili, 8 Juni
Shangazi kafika saa nne. Kasimama chini ya picha, kaangua kilio. "Kaka yangu! Na meno yake yote!" Hakuuliza habari ya kushona — mara ya kwanza. Mama kamshika mkono. Nilidhani tumepona.
Kisha Shangazi kaipiga picha kwa simu yake, awe na kaka yake karibu. Anaikuza kwa vidole viwili. Meno kwanza. Kola ya shati. Bega.
"Wifi, chai inapoa," Mama kasema.
"Subiri kidogo, wifi."
Mama kavuta pazia, eti jua linamuumiza macho. Shangazi kasogeza kiti hadi ukutani, kapanda juu yake, kawasha tochi ya simu.
Nimeshika kiti. Mama kaingia chumbani kwake, nasikia kitu kizito kinaburutwa sakafuni kuja huku.