Salma, Uliwaambia Ulimshika Mkono Mwanangu

Shoga yangu Salma,

Assalamu alaykum, wewe na wote mliolala huko makaburini Al Qusais. Nimeanza na salamu kwa sababu ni haki yako, maiti hanyimwi salamu. Mengine nitakayosema hayatakupendeza, lakini leo nasema.

Kwanza nikupe habari za chumbani. Kitanda chako amekichukua msichana wa Kiganda anayesuka saluni, mpole, ila anakoroma kama jenereta. Wanjiru bado ni askari wa mlangoni kule kule, bado anarudi na miguu imevimba, anaitia kwenye beseni la maji ya chumvi na kuimba nyimbo zake za kanisani. Mimi niko jikoni kwenye kafeteria ile ile hapa Karama, naingia baada ya adhuhuri. Kwa hiyo asubuhi niko nyumbani, na asubuhi ndiyo mbaya. Ndiyo ilikuwa saa yako ya Wajapani. Mpaka leo wakati ule ukifika najikuta natembea kwa ncha za vidole, nisigonge sufuria nikakuharibia darasa. Kisha nakumbuka.

Unakumbuka ulivyoanza? Hoteli uliyokuwa ukifanya kazi mapokezi ilifunga, ukahangaika, ndipo ukapata ile kazi ya kuongea Kiingereza kwenye kompyuta na wanafunzi wa chuo kikuu kimoja huko Japani. Wote wa mwaka wa kwanza, wanasoma Kiingereza wapende wasipende, na profesa wao, yule mama mwenye miwani, alitaka wasikie watu wa nchi mbalimbali. Wiki ya kwanza ulifunga kompyuta ukanigeukia: "Mama Yusuf, hawa watoto ni mabubu? Nauliza swali, wanatazama meza!" Ulidhani wanakudharau. Baadaye ukagundua kwamba sarufi wanaijua kukushinda hata wewe uliyekuwa mwalimu Mombasa. Ila kufungua kinywa na kukosea mbele ya wenzake, mtoto wa watu aliona afadhali ardhi impasukie. Ukiwapa habari za maghorofa na ngamia, wanasema "veri nais," halafu kimya. Ukajifunza kungoja. Ukanieleza kwamba kile kimya si ujeuri, mtu anapanga maneno.

Nilijivunia wewe, wallahi. Mimi wa darasa la saba, Kiingereza changu ni cha "yes madam" na "finish madam," nina shoga anayefundisha chuo kikuu cha Japani, juu shati la heshima, chini kanga! Nikakufundisha dua ya Nabii Musa, ya kumwomba Mola afungue fundo la ulimi. Ukasema utakuwa unawasomea wao, maana ndimi zao ndizo zilizofungwa.

Halafu zikaja zile siku za "shoga, nipishe." Leo nina darasa gumu, hebu teremka dukani uniletee maziwa, wala usiharakishe. Nami nateremka. Nilikuwa nakaa kwenye ngazi na tasbihi yangu, namwomba Mungu akusahilishie. Nikirudi nakukuta macho mekundu, nakupa maji. "Umelia?" nakuuliza. "Hawa watoto wananitia huruma, Mama Yusuf." Nami nikaamini. Nikasema moyoni, Salma ana moyo laini.

Ulipoanguka bafuni na kuondoka hivyo, bila hata kuugua, ni mimi niliyekufumba macho. Bi Zuwena, yule bibi wa Unguja aliyezeekea hapa Dubai, alitukusanya wanawake, akauliza kama ilivyo desturi, "Marehemu mmemsamehe?" Tukajibu tumemsamehe. Sauti yangu ndiyo iliyokuwa juu kuliko zote.

Wiki iliyofuata profesa akaomba wanafunzi wakuage. Wanjiru alikuwa zamu ya jioni, akakaa nami mbele ya kompyuta yako anitafsirie. Nilivaa baibui langu jipya. Uso wa kwanza ukatokea, wa pili, wa tatu, wote wamevaa nguo nyeusi, wote wakainama. Kisha wakasema kwa pamoja, kwa Kiswahili, polepole kama watoto wa chekechea: "Mama Yusuf!"

Nikaitika. "Abee!"

Nilifurahi, Salma. Nilidhani umewasimulia habari zangu, umewafundisha kunisalimia. Lakini nyuso zao zilishangaa, kama watu walioona aliyeitika siye. Profesa akatabasamu kwa adabu, akamwashiria msichana wa kwanza aanze. Akasoma kwenye karatasi. Wanjiru akawa ananitafsiria sikioni: "Anasema bibi yake alikuwa hospitali. Anasema aliogopa kwenda kumwona. Halafu mwalimu akawaambia kuhusu... kuhusu mtoto wake, Yusuf..." Wanjiru akanigeukia.

"Endelea," nikamwambia.

"Mamii, sijui kama nikwambie."

"Wanjiru, endelea."

Basi akaendelea. Kwamba mwalimu wao alikuwa na mtoto mmoja, Yusuf, aliyependa kuvaa viatu bila soksi. Kwamba yeye alikuwa Dubai analea mtoto wa watu, mwanawe akashikwa na homa kule Tanga. Kwamba aliwalilia matajiri wake, wakampa pasi yake, akapanda ndege akafika hospitali alfajiri, akamshika mkono mwanawe mpaka pumzi ya mwisho. Kwa sababu ya habari hiyo yule msichana akapanda treni akaenda kumshika bibi yake mkono. Sasa alikuwa anaomba Mungu mwalimu na Yusuf wawe pamoja.

Wote wakainama tena.

Salma. Wewe hukuzaa. Yusuf ni wangu. Ile habari ya soksi nilikwambia wewe peke yako, nikiwa nimelaza kichwa kwenye mapaja yako, na wewe ukinisuka.

Na hata ungeichukua kama ilivyo! Lakini hukuichukua kama ilivyo. Ulijua mimi sikufika. Ulijua nilikuwa kwenye lile villa la Al Warqa, kafeel, yule tajiri aliyenidhamini, na madam wamesafiri, wameniachia mtoto na bibi yake, na pasi yangu imefungiwa kwenye kasiki lao. Mpaka walipopokea simu, mpaka mtu akapatikana wa kuja kufungua, mwanangu alikwisha zikwa. Wakati wanamshusha kaburini nilikuwa namtoa sabuni masikioni mtoto wa watu. Hayo unayajua yote. Ukajipa mwanangu, ukajipa jina langu, ukajipa na ile safari ambayo mimi niliililia sikuipata. Mkono wa Yusuf umeushika wewe. Mimi mamake sikuushika.

Na kule kunituma dukani nikupishe! Hilo ndilo linalonichoma. Ungekuwa hujui kwamba ni vibaya, usingenituma maziwa.

Nimejaribu kukutetea, Mungu anajua. Nimesema labda hadithi za kuwafungua vinywa zilikuishia. Uliwahi kuniambia, ukitaka Mjapani aseme, mtangulie wewe kwa kidonda chako, atakuonea haya kunyamaza. Sawa. Lakini si ulikuwa na vyako? Mume aliyekuacha kwa ujumbe wa simu hukumwona? Au hicho kilikuuma mno kukisema, ukaona changu hakikuumi?

Nilikwenda kwa Bi Zuwena. Sikukutaja, kumsitiri Mwislamu ni wajibu. Nikamuuliza hivi tu: mtu akimsamehe maiti kosa ambalo halijui, kisha akalijua, ile radhi inahesabika? Akanitazama, akaendelea kuchambua mchele wake. "Ulisamehe kwa mdomo au kwa moyo, mwanangu? Kwa mdomo, kila mtu ni karimu." Nikarudi na metro nikiwa sijui nilichojibiwa.

Kisha profesa akamwandikia Wanjiru. Wanataka kuichapa habari ya Yusuf kwenye kitabu chao cha kusomea Kiingereza, wanafunzi wapya wawe wanaisoma kila mwaka, na juu yake waweke picha yako, imeandikwa "Mama Yusuf." Wanaomba ruhusa ya ndugu wa marehemu, na wao wanadhani ndugu ni sisi.

Wanjiru akawaka. "Mamii, waambie ukweli! Huyu ni kama amevaa gauni lako la harusi, halafu akapigwa picha!"

"Amekufa, Wanjiru."

"Amekufa ndiyo, lakini hicho kitabu kitaishi!"

Siku kadhaa sikulala vizuri. Nikinyamaza, mwanangu atakuwa mwana wa mwingine mpaka mwisho wa dunia, kwa lugha nisiyoijua, katika nchi nisiyoijua. Nikisema, nakuvua nguo, na wewe huna mikono ya kujifunika. Na yule msichana je? Aliyepanda treni akamshika bibi yake kwa ajili ya uongo wako? Jambo jema limetoka humo, nami siwezi kulikana. Lakini na mimi ni mja wa Mungu.

Nikaswali istikhara, nikamwomba Mola anionyeshe njia. Asubuhi nikamwambia Wanjiru aandike. Kwamba ruhusa wanayo, lakini waandike Yusuf ni mtoto wa Rehema, mpishi, shoga wa mwalimu wao. Kwamba mama yake hakufika. Kwamba alizikwa na bibi yake na majirani, na mama yake akaambiwa kwa simu. Wanjiru akauliza, "Na Salma tumwandike nani?" Nikasema, mwandike mwalimu. Mwalimu mzuri, aliyejua kungoja. Basi. Atakayeelewa ataelewa, lakini neno mwongo halitatoka kwangu.

Profesa alikawia kujibu. Jibu lilipokuja halikuuliza chochote juu yako. Alisema wanafunzi wangependa kunisikia, kama nitakubali, na wameahidi hawatatazama meza. Nimekubali. Ni Jumanne. Wanjiru atatafsiri. Najua watauliza ilikuwaje kutofika, nami nitawajibu, maana hakuna mtu aliyewahi kuniuliza hilo ila wewe.

Kwenye sala zangu tano bado nakuombea, Salma. Hilo sikukukatia wala sitakukatia. Nimempa fundi wa hapa chini shati lako la darasani alipunguze, nilivae hiyo Jumanne, maana sina jingine la heshima. Ila radhi yangu bado iko kwangu, nakwambia usije ukadhani umekwisha ipata. Ahadi yangu ni hii: siku itakapotoka moyoni, si mdomoni, nitapanda metro nije mpaka kwenye ukuta wa makaburi niitamke kwa sauti, waliopo wasikie. Sitakungojesha mpaka Kiyama.

Lala, shoga. Kulala si kusamehewa, lakini lala.

Rehema,
mama yake Yusuf