Kuhama Kabla ya Arobaini

Tengeru, Arusha

Kwa mama yangu kipenzi,

Assalamu alaikum mama, na shikamoo. Mgongo umepoa? Na presha je? Maana juzi kwenye simu nilikusikia unafoka huku umesimama, wakati daktari alikwambia ukae. Baba naye mguu unamwendeaje? Sisi huku hatujambo, Mungu ni mwema. Mtoto ananyonya mpaka anajisahau, na mimi mwili umeanza kunirudia. Nakuandikia kwa sababu kwenye simu hunipi nafasi. Nikisema "mama", unasema "rudi nyumbani", halafu unakata. Barua haikatiki, kwa hiyo leo utanisikiliza.

Ni kweli tumehama na mtoto hajatimiza arobaini. Sijasahau ulivyonifunza: mzazi hagusi maji baridi, mzazi haonekani barabarani, mzazi hahamishwi kama kabati. Lakini ungekiona kile chumba cha mjini! Ukuta mmoja tuligawana na fundi seremala. Akianza kuranda mbao, mtoto anashtuka mpaka mikono inaruka juu. Choo cha wote, bomba la wote, na foleni ya kuoga asubuhi ungedhani kuna kinachogawiwa bure. Rajabu akasema nyumba yetu ina bati na milango, dari na plasta vitakuja taratibu. Mimi ndiye niliyesema basi twende kesho. Kwa hilo usimlaumu mkweo. Lipo jingine la kumlaumu, nakuja.

Nyumba iko juu ya Tengeru, unapanda kama unauendea mlima, katikati ya migomba na kahawa. Baridi ya huku acha tu! Asubuhi ukungu unashuka, ukimfungulia kuku humwoni alikoelekea. Navaa soksi na sweta juu ya dera, ungeniona ungecheka mpaka ushike mbavu.

Sasa siku yenyewe ya kuhama. Mimi nilikaa mbele ya kenta na dereva, nimempakata mtoto, na wingu limetanda. Tulipofika, njia ya kuingia kiwanjani ikawa nyembamba, gari halipiti. Upande mmoja kulikuwa na mstari wa mimea mirefu, majani yake marefu ya kijani kama ya muhindi. Rajabu akaona ni kichaka tu. Akashuka na panga na jembe, akang'oa mstari mzima, akautupa kwenye shimo la taka. Gari likapita, na mvua ilipoanza kitanda kilikuwa kimeshaingia. Tukasema alhamdulillahi, tumefika kwetu.

Kesho yake hakuna aliyepiga hodi. Kesho kutwa vilevile. Mama, wewe unajua kwetu Muheza: nyumba ikiwa na mzazi, hujabandika maji majirani wameshajaa uani. Hapa kimya. Nikiwasalimia akina mama wanaoteremka na ndizi kwenda sokoni, wanaitikia huku wanatazama pembeni. Mama Neema anayepita akiuza maziwa nikamwita, akasema yameisha, na ndoo naiona inacheza kwa kujaa. Nililia, sikufichi. Ndipo ukapiga simu, ukasema hao si watu wako, nani atakukanda, nani atakupikia uji wa pilipili manga, mlete mtoto atolewe arobaini kwa watu wake. Ulipokata nilivuta begi chini ya kitanda nikaanza kukunja nguo za mtoto.

Lakini jioni yake Mama Neema alirudi peke yake. Nadhani alimsikia mtoto akilia. Akanimiminia maziwa, akakataa kuingia ndani, akasimama mlangoni.

"Dada, kweli hujui mlichofanya?"

"Sijui, wallahi."

"Yale mliyong'oa ni masale. Ndiyo mpaka wa jirani yenu, Bibi Anaeli, aliyapanda baba mkwe wake. Huku kwetu hata watu wanaopelekana baraza la kata kwa ajili ya shamba, isale hawaligusi."

Akanieleza kwamba isale kwa Wameru si mpaka tu. Mtu akimkosea mwenzake, anachukua jani la isale anamwendea nalo mkononi, na aliyeletewa hawezi kukataa kusamehe. Ndilo hilo tulilolitupa kwenye taka! Nikamuuliza kama naweza kumpelekea bibi kilo mbili za sukari. Akanitazama kwa huruma. "Si sukari, dada. Ni jani. Na anakwenda aliyeng'oa, kwa mkono wake mwenyewe."

Hapa sasa ndipo pa kumlaumu mkweo. Aliporudi kazini nikamwambia, akavimba. "Kiwanja nimenunua kwa haki, mashahidi wapo, halafu nikaombe radhi na jani mkononi? Mimi?" Nikabembeleza, nikanyamaza, nikabembeleza tena. Akasema kama mambo ndiyo haya basi bora twende kwa mama yako Muheza, nyumba tuipangishe.

Mama, nilichemka. Nyumba ambayo nimesomba maji ya kumwagilia matofali yake na tumbo la miezi saba! Nikamwambia, "Rajabu, mwanangu hatakulia mahali ambapo salamu yake haiitikiwi, na hatahamishwa kwao kwa ajili ya kiburi cha baba yake. Usipokwenda wewe nakwenda mimi." Nikamfunga mtoto kifuani, blanketi juu, kanga mbili juu ya blanketi, nikaenda shimoni nikachagua jani ambalo halijanyauka, nikashika njia.

Ndiyo, nilimtoa nje. Najua hapo umeshika kichwa. Kiachie, uendelee kusoma.

Sijafika mbali nikasikia mtu anakimbia nyuma yangu. Rajabu huyo, na mwavuli. "Utamuua mtoto kwa baridi!" Nikasema, "Basi shika hili." Akalitazama lile jani, akanitazama mimi, akalishika.

Bibi Anaeli ni mjane, mtu mzima sana, Mlutheri wa kutokosa ibada. Tulimkuta kibarazani anachambua maharage. Hakuinuka. Tukampa shikamoo, akaitikia marahaba ya kukauka. Rajabu akanyoosha jani kwa mikono miwili, akainamisha kichwa, mume wangu anayegombana na matrafiki barabarani! Mwishowe akasema, "Bibi, nimekukosea. Sikujua. Lakini hata kuuliza sikuuliza."

"Ulikuwa na haraka ya nini?"

"Mvua, bibi. Mzazi alikuwa garini na mtoto."

"Ungepiga hodi. Kwangu kuna njia pana, gari lingepita bila kung'oa kitu." Aliangalia lile jani kwa muda mrefu mama, na macho yakamlowa. Akasema, "Mume wangu kila mwaka alikuwa akiyapunguza kwa mkono wake. Nilipoyaona kwenye taka nilitaka nisiwasalimie mpaka nife." Kisha akalipokea. "Basi. Limeshafika mkononi mwangu, sina la kusema."

Halafu akanigeukia mimi kwa ukali wote aliokuwa nao. "Na wewe! Mtoto kichwa wazi hivyo, kofia yake iko wapi? Ingia ndani upesi!" Mama, nilidhani ni wewe. Nikaanza kucheka na kulia kwa pamoja.

Kumbe isale halifi kirahisi. Rajabu aliyatoa yote kwenye lile shimo, akayachomeka upya pale pale, bibi amesimama na fimbo anamwelekeza, "Rudi huko, unaniibia ardhi." Yameanza kushika. Na tangu siku ile nyumba haikauki watu. Wananiletea mtori, ndizi zilizopondwa na nyama mpaka zimekuwa uji mzito, naunywa wa moto jasho linanitoka. Bibi Anaeli alikuja na kuku mzima, hai, amemshika miguu. "Nimesikia nyie mnachinja kwa namna yenu. Mumeo achinje mwenyewe, nisije nikakulisha haramu nikapata dhambi mbili." Kunikanda ananikanda Mama Neema. Hana mkono wako, sikudanganyi, lakini fimbo ya mbali haiui nyoka.

Mdogo wangu Athumani, uliyemtuma aje kunichukua, atakusimulia mwenyewe, maana ndiye anayekuletea barua hii. Alifika na uso wa kazi: "Dada, funga mizigo, mama kasema." Nikamwambia kaa kwanza ule. Alikula mtori mabakuli mawili, akaomba la tatu, na akina mama wakamcheka kwamba huyu hakuja kuchukua mtu, kaja kuchukuliwa. Baadaye akakaa na mimi akaniuliza bila utani, "Dada, una hakika?" Nikamwambia ninayo. Sikai huku kwa kukosa nauli wala kwa kuogopa mume. Hapa ni kwangu, mama. Nimepapigania nikiwa mzazi mbichi, nikashinda.

Nisalimie baba, mwambie mjukuu wake ana masikio yale yale, tumeshakagua. Nisalimie mdogo wangu Salma aliyebaki kukushikia nyumba; asichoke, na kanga yangu ya bluu avae tu, najua ameshaivaa. Msalimie shangazi aliyenifunda, mwambie yote nayakumbuka isipokuwa lile la mwanamke kutompandishia mume sauti. Na mjomba wa machungwa, mwambie ya sokoni hapa hayana utamu wa yake.

Sasa moja la mwisho. Nauli uliyompa Athumani ya kunirudisha mimi na mtoto, sikuigusa. Iko humu ndani ya bahasha. Panda nayo basi wewe. Arobaini ya mtoto ifanyike hapa, kwenye mlango wa nyumba ya baba yake, na wa kumpitisha mlangoni ni bibi yake. Bibi Anaeli ameulizwa na wenzake kama ataifanya kazi hiyo yeye, akakataa kabisa, akasema mtoto ana wake. Akaniuliza, "Mama yako anakuja lini?"

Nikamjibu kwamba uko njiani. Nimeshawaambia wote, mama. Usije ukaniaibisha.

Mwanao akupendaye,
Zuhura