Chembe za Mama Bado Zinakula

Nyuma ya soko la Warin Chamrap,
Ubon Ratchathani.
18 Novemba.

Mpendwa Dada Mayuri,

Salamu nyingi kutoka kwetu huku, ambako asubuhi sasa tunavaa sweta na kuona tumepatikana na baridi. Najua ukisoma hapo utacheka, wewe unayekaa mahali ambapo jua lenyewe hupewa likizo. Je, hujambo? Shemeji Torleif hajambo? Na Signe, kile kikohozi kimemwachia? Kwenye picha ya mwisho nilimwona amenenepa mashavu, nikafurahi, maana mtoto aliyeanza maisha ndani ya kisanduku cha hospitali akinenepa, ni jambo la kushukuru.

Mimi ni mzima wa mwili. Baba naye hajambo, ila goti lake la kulia linampangia siku za kwenda shambani na siku za kukaa.

Utashangaa kupata barua ya karatasi wakati simu ipo. Lakini kwenye simu unaniuliza habari za huku, nakujibu nzuri, halafu Signe analia au mtandao unakatika, na zile nzuri zangu zinabaki zimening'inia. Nina jambo ambalo halitoshei humo.

Mavuno yameisha. Mpunga wa Baba umekatwa na mashine ya jirani, naye amenuna wiki nzima kwa kuwa mashine haikumwachia hata shuke la kukata kwa mkono. Yale mabuti ya mpira niliyomnunulia asiingie matopeni peku, anayavaa kwenda hekaluni. Shambani anaingia vilevile alivyozaliwa. Nikimgombeza kwamba ni matope hayohayo yaliyomlaza Mama, ananiambia matope na yeye wanajuana.

Mimi bado niko kwenye chumba kilekile cha kupanga. Maabara tumebaki wachache, na wenzangu ni vijana ambao mchana kutwa wanazungumzia tamthilia ambazo sijaziona. Ni watu wazuri, hawanikosei adabu, wananiita dada. Wakienda kula wananialika, nami nasema nina kazi. Nikirudi chumbani naweka wali kwenye sahani moja, na ile ya pili niliyonunua nikitegemea wageni iko vilevile na karatasi yake. Nakwambia hivi kwa sababu wewe ni dada yangu na sina mwingine wa kumwambia. Niko mpweke, Dada.

Sasa nije kwenye jambo lenyewe.

Unakumbuka Mama aliugua ule ugonjwa wa udongo mara mbili, na mara zote mbili akainuka, wakati wengi waliolazwa naye wodini hawakuinuka. Hapo ndipo Profesa Naruemon, mkuu wetu wa maabara, alipomfuata na kumwomba damu. Alitaka kujua kwa nini miili mingine inawashinda wale bakteria na mingine inashindwa mapema. Mama akanyoosha mkono huku akisema, "Chukueni, ila msije mkaniuzia soda kwa damu yangu mwenyewe." Kutoka kwenye damu ile tukachagua chembe nyeupe, zile zinazotengeneza kingamwili, tukaziambukiza kirusi kinachozifanya zisichoke kuzaana. Mama alipofariki kwa kiharusi mwaka juzi, chembe hizo zilikuwa kwenye kabati letu la joto zikiendelea kama hakuna kilichotokea.

Mimi ndiye ninayezilisha. Ziko kwenye chupa bapa, zinaogelea katika maji mekundu, na zikishaona njaa maji yanageuka manjano. Ninazibadilishia, nazirudisha kwenye joto la mwili wa mtu. Wakati mwingine nazungumza nazo. Usiniambie kwamba mimi ni mtu wa sayansi, nalijua hilo. Najua hazina masikio. Lakini siku ya Mama kufariki nilikuja kazini nikayakuta maji yamegeuka manjano, nikazilisha, na tangu siku ile sijaweza kuzilisha nimenyamaza.

Kosa langu lilikuwa kumwambia Baba. Kila aliponiuliza habari za kazi, nilimjibu kwamba chembe za Mama hazijambo, zinakula vizuri. Nilidhani namfariji. Sikujua ameelewa nini mpaka ilipofika sikukuu ya vifurushi.

Unajua asubuhi ile ilivyo. Kijiji kizima kinaamka gizani, kila mtu na vifurushi vyake vya wali wa kunata, ndizi na samaki mkavu kwenye majani ya mgomba, na kuvipanga chini kando ya ukuta wa hekalu ili marehemu waje wale. Baba akaweka cha babu, akaweka cha bibi, akaweka na cha yule mjomba aliyekufa mlevi, pamoja na sigara yake. Kisha akajipangusa mikono.

Shangazi Bunpheng alikuwa pembeni yake. Akamuuliza, "Kaka, na cha wifi kiko wapi?"

"Huyo hajamaliza kwenda," Baba akasema. "Duan anamlisha mjini."

"Hajamaliza kwenda wapi? Tulimchoma. Mifupa yake niliiokota kwa mikono yangu hii."

"Uliokota ya huku. Kuna mwingine amebaki."

"We Bunloet, wenzake wote wanakula, yeye umsimamishe ukutani anatazama midomo ya watu? Mke wako alikukosea nini?"

Na Shangazi sauti yake unaijua, haihitaji kipaza. Mstari mzima ukasikia. Kufikia saa ya chai, vijana wa pale dukani walikuwa wameshapata wimbo: mzee Bunloet ana mke kwenye friji. Baba aliwapita akaenda zake. Lakini Shangazi alinipigia simu akilia, akasema Mama amekwama, chakula cha walio hai hapewi na cha wafu kanyimwa, na mwenye kumkwamisha ni mimi na elimu yangu. Nilimwendea hadi mtawa mkuu, nikamuuliza kama mtu ambaye chembe zake zinaishi amekufa au hajafa. Akasema, "Mwanangu, mimi paa la ukumbi linanivujia na sijajua nani atalipanda. Hilo waulizeni hukohuko maabara."

Basi wiki iliyofuata Baba akaja mjini mwenyewe. Alivaa mabuti. Mkononi ana kikapu cha wali wa kunata na pakiti ya samaki wa kukaanga, mlinzi akamzuia langoni akidhani anauza. Nikampeleka ndani, nikamvisha koti jeupe, akawa kama mganga wa ng'ombe aliyealikwa harusini. Nikaweka chupa chini ya hadubini, nikamwonyesha pa kuweka jicho.

Aliinama akaweka jicho. Halafu akasema taratibu, kama anavyosema akiingia nyumbani kutoka shambani, "Umekula?"

Nilijifanya napanga glavu.

"Mbona wako makundi makundi?" akaniuliza bila kuinua uso.

"Ndivyo zinavyokaa, Baba. Zinapenda kushikana."

"Zinatujua?"

Sikutaka kumdanganya tena. Nikamwambia hazitujui, hazijui mtu yeyote, kitu pekee zinachokikumbuka ni yule bakteria wa matopeni. Alimgusa Mama mara mbili, nazo hazijamsahau mpaka leo.

Baba akacheka. "Basi ni mama yako kweli. Huyo akigombana na kitu, hasahau."

Tukacheka wote wawili, Dada, kwa mara ya kwanza tangu mazishi. Kisha akainuka, akavua koti, akalikunja vizuri kama nguo ya kuazima, na akaniambia, "Mama yako yuko mwingi hivi, na mimi kule nyumbani niko mmoja."

Tulikula ule wali kwenye benchi nje ya jengo.

Sasa sikia kilichotokea baada ya hapo. Mwezi uliopita Profesa aliniita. Akaniambia kazi ya chembe za Mama imefikia mwisho wake, na imefika vizuri. Tumesoma jeni za kingamwili yake yote, mwanzo hadi mwisho, tukayapandikiza maelekezo hayo kwenye chembe nyingine za maabara, na sasa hizo ndizo zinazoitengeneza. Inamkamata yule bakteria kwa ganda lake la nje na haimwachii. Panya waliopewa, wengi wamepona. Si dawa bado, na huenda mimi nikastaafu kabla haijawa dawa, lakini ni kitu. Mkulima fulani ambaye bado hajazaliwa huenda akainuka kitandani kwa sababu ya mama yetu.

Kwa hiyo chembe zake zenyewe hazihitajiki tena. Tangi la baridi tunalohifadhia akiba limepewa kazi ya watu wengine. Profesa ni mwanamke mwenye moyo, hakusema tutupe. Alisema Mama alipotoa damu aliweka sharti moja, kwamba siku ya kuziaga, watakaosema basi ni binti zake. Hakusema binti yake. Alisema binti zake.

Nilikwenda kijijini nikamweleza Baba. Nilitegemea atakataa. Hakukataa. Alisema anataka Mama amalize safari, apate kifurushi chake mwakani kama wenzake, na Shangazi apate kulala. Chembe hizo hatuzimwagi ovyo, zinapikwa kwa mvuke mkali kisha zinachomwa, naye aliposikia kwamba zinachomwa aliridhika sana, akasema kumbe hata ninyi mna adabu. Ameshaongea na watawa waje wasome hapohapo maabara, kama wanavyowasomea kila mwaka wanyama tunaowafanyia utafiti. Ila alisema neno moja na hataki kulirudia: mkewe hamchomi mara ya pili bila Mayuri.

Mimi sijasema basi. Nimejaribu kulisema mbele ya kioo na halitoki. Baba anataka aachiliwe, Shangazi anataka aachiliwe, na mimi nikiwa na akili zangu timamu nataka aachiliwe. Lakini ile asubuhi ya kufika kazini nisikute chupa ya kulisha, naiogopa kuliko nilivyoogopa mazishi. Kwenye mazishi nilikuwa na watu. Hii nitakuwa na nani?

Profesa amekubali tuache kichupa kimoja, kimoja tu, hadi sikukuu ya maji mwezi wa Aprili. Vingine vyote nitaviachilia wiki hii, mwenyewe, bila sherehe, maana kikibaki hata kimoja, bado hatujamuaga. Kile kimoja ni chako.

Dada, siku tuliyokupigia kukwambia Mama amefariki, ulikuwa umekaa kando ya kile kisanduku cha Signe, hata hatukujua kama ataishi. Ulisema, "Fanyeni tu, msinisubiri." Hakuna aliyekulaumu. Hata mimi ningesema hivyo. Tukafanya tu. Nikashika picha ya Mama mbele ya jeneza mahali ambapo ungeshika wewe, mkubwa, na watu wakaniuliza wewe uko wapi nikawa sina jibu fupi.

Mtu aliyekosa mazishi ya mama yake huwa amekosa, basi, hakuna wa kumrudishia. Wewe yamekubakia. Madogo, hayafiki hata ujazo wa kijiko, lakini ni ya Mama, na hayatafanyika mara ya tatu. Usiniandikie kwamba tufanye tu. Ukiniandikia hivyo nitafanya, maana wewe ni mkubwa wangu na sijazoea kukukatalia, na nitafanya peke yangu. Naomba safari hii useme nikusubiri.

Baba anakusalimu, amesema umwambie Signe kwamba babu yake ana mabuti. Shangazi Bunpheng anakusalimu na ameshakukaushia samaki, yeye haulizi kama unakuja. Unisalimie shemeji Torleif. Umbusu mtoto shavu lile nene.

Wema wote alioutenda mama yetu uwafunike huko mliko, na uwajalie njia nyeupe ya kuja.

Mdogo wako akupendaye, anayesubiri,

Lamduan