Jiwe la Bwana Ezra na Mgomba Wangu

Minneapolis, Novemba

Mdogo wangu Wekesa,

Pokea salamu zangu. Nasikia goti linakusumbua na mvua imechelewa. Pole kwa yote mawili. Mimi sijambo, ila baridi imeanza, na mifupa yangu haijaizoea hata baada ya miaka yote hii.

Unaniambia vyama vingi vimerudi na kiti changu cha ubunge kiko wazi, nije nikiwanie. Kisha, kama mtu anayeongeza chumvi kidogo, unaandika: "Usijali lile gogo la mgomba tulilolizika badala ya mwili wako mwaka wa njaa. Wazee watachinja kondoo wa utakaso, yaishe." Ndivyo nilivyojua kwamba nilizikwa.

Kazi yangu, unaijua, ni kupanga makaratasi ya kale katika maktaba moja ya mji jirani, Saint Paul. Mwezi jana nilipewa sanduku la Bwana Ezra, mwenye kinu cha kusaga ngano, aliyekuwa mbunge wa jimbo hili muhula mmoja tu, karne iliyopita. Alipinga mswada wa kuwapa watu wa reli mashamba ya wakulima. Chama chake kikamtupa, akakimbilia magharibi. Nduguye akamsimamishia jiwe la kaburi, chini yake hamna mtu. Miaka ikapita, chama kikamhitaji, na ndugu yule yule akamwandikia: rudi. Akarudi, akawania, akashindwa vibaya. Mkulima mmoja alimwambia mkutanoni, "Wewe tulishakulilia, Ezra. Hatulii mara mbili."

Mama Neema, Mtanzania anayesafisha jengo letu, alinikuta nimeliinamia sanduku.

"Mzee Barasa, huyo Mzungu ni mkweo? Wiki nzima huli mchana kwa ajili yake!"

"Ni pacha wangu."

"Basi mama yenu alimsahau mmoja juani," akasema, akaondoka na ndoo yake akicheka.

Jumapili nilipanda basi kwenda kuliona jiwe. Ezra aliishi miaka mingi baada ya kurudi, lakini hakuna aliyerekebisha maandishi. Limebeba mwaka walipochoka kumngoja, si mwaka alipokufa.

Wekesa, ningekusamehe kama hukujua. Lakini mwaka wa njaa ulikuja baada ya wewe kunijibu barua yangu ya kwanza. Ulitaka polisi waache kuja nyumbani kunitafuta. Najua walikupiga, sikulaumu kwa hofu. Lakini Mama alinyoa nywele kwa kuniomboleza. Alikufa akiamini amenizika, na barua yangu ilikuwa sandukuni mwako, hatua chache kutoka kitandani pake.

Sitawania kiti. Nitakuja kwa ajili ya kaburi la Mama tu. Kwanza chukua jembe, waite wote waliolia, ufukue lile langu kwa mikono yako, na uwaambie ulichokijua. Kondoo mleni nyinyi.

Nisalimie mkeo, na shangazi yetu mkunga aliyetupokea sote wawili. Na binti yako mwalimu, anayekusomea barua zangu siku hizi: hii aisome kwa sauti, shangazi akiwapo, wala asiruke mstari.

Ni mimi kaka yako, uliyemzika,

Barasa