Kumwitikia Mzee wa Mwezini

Mtani wangu mpendwa, wewe wa ukoo wa Samaki,

Matanga yako yanaondolewa kesho, nami tangu asubuhi sijakaa kitini muda wa kumaliza kikombe cha chai. Nimefagia ua uliokwisha kufagiliwa. Nimekwenda ziwani nikarudi bila kunawa hata mikono. Nimefungua Zaburi, nikaifunga. Sasa nakuandikia, na nakuandikia kwa Kiswahili kwa kuwa ndiyo lugha tuliyoigombania siku zote: mimi niliyefundishwa na mapadri kwa fimbo, na wewe uliyeiokota katika masoko ya samaki ng'ambo, upande wa Congo, ukaifunga nyuma ya baiskeli na kuja nayo huku kwetu Nchelenge.

Unalijua jambo linalonisumbua. Kwetu matanga hayaondolewi kwa kimya. Mtani wa marehemu husimama mbele ya watu, akavaa nguo za marehemu, akaigiza mwendo wake na maneno yake, akamtukana kwa mapenzi mpaka waliofiwa wacheke. Wasipocheka, msiba haujatoka nyumbani. Siku ya mazishi kazi hiyo aliifanya mzee wetu wa ukoo wa Mamba, yule aliyejilaza kaburini kabla yako akasema kwamba anapima nafasi, maana Samaki hulala kwa kujitupatupa. Mzee huyo amechukuliwa na binti yake kwenda kuishi kwenye miji ya migodi. Mamba aliyebaki huku ufukoni, mwenye umri unaofaa kwa kazi hiyo, ni mimi.

Mama Chanda, mjane wako, alikuja kwangu juma lililopita. Kitambaa cheusi bado kiko kichwani mwake. Alinieleza kwamba hawezi kwenda sokoni Kabuta, wala kupanda mtumbwi kuwaona ndugu zake kisiwani Kilwa, humu ziwani mwetu, mpaka kivuliwe. Hakulia. Alinitazama tu kama mtu anayetazama mlango uliofungwa.

"Mwalimu," alisema, "utaweza kunichekesha?"

Nilimwuliza kama angependa chai.

Ungekuwapo ungegaragara chini kwa kicheko. Wewe ndiye uliyeingia darasani kwangu, mwaka ule wa kwanza wa urafiki wetu, bila kubisha hodi, umeshika mkiani samaki mbichi, wa aina tunayoiita pale. Uliwaambia wanafunzi wamtazame mwalimu wao vizuri. Uliwauliza kama wamewahi kuona Mamba anayepita mbele ya Samaki bila kufungua kinywa. "Huyu alikula vitabu," uliwaambia, "meno yote ikaisha." Nilikuamuru utoke. Ulitoka, lakini samaki ulimwacha juu ya meza yangu, na jioni nikamla. Hilo nalo ulilisimulia hadi soko la Mwansabombwe, kila ulipofungua vitunga vyako.

Lakini leo nakumbuka zaidi jioni ile ya sinema.

Gari la sinema lilikuwa limetandaza shuka lake jeupe kwenye uwanja ulio mbele ya nyumba yako. Tulikuja mapema, nawe ulikuwa na haraka, kwa maana mchekeshaji yule wa Kizungu ulimpenda kuliko mhubiri yeyote. Tulikuwa tumemwona katika picha nyingi: akianguka ngazini, akikimbizwa na mbwa, akipigwa na mlango. Safari hii alikuwa mzee. Alikuwa fundi wa saa aliyejifungia kwa bahati mbaya ndani ya chombo cha chuma, na chombo kikarushwa mwezini. Alipojimiminia chai, chai ilipanda juu badala ya kushuka, naye akaifuata na kikombe chake, uso umetulia kama wa karani. Watu walishika mbavu. Wewe uliuliza kwa sauti, ili uwanja mzima usikie, "Chombo ni kizuri, lakini kitunga ya samaki atafungia wapi?" Mkalimani, aliyekuwa akitafsiri kwa Kibemba katika kipaza sauti, alishindwa kuendelea kwa kucheka.

Kisha mzee akafika mwezini. Alishuka, akajikung'uta vumbi, akavua kofia, akainama kusalimu. Hapakuwa na mtu. Mbele yake palikuwa na mawe tu. Hata hivyo alibaki ameinama, kofia mkononi, akingoja kuitikiwa, na mkalimani alinyamaza kwa sababu hapakuwa na neno la kutafsiri.

Hapo ndipo uliposimama. Ulikwenda hadi mbele ya shuka, kivuli chako kikamfikia miguuni. Ulichuchumaa, ukapiga makofi taratibu kama tunavyowapokea wageni wenye heshima.

"Karibu, muzee," ulisema. "Bantu bote balienda kuvua. Njo miye moya nilibakia. Ikala, ikala chini."

Mimi niliona aibu. Watu wengine walicheka hadi wakalia. Ulipoulizwa baadaye, ulijibu kwamba mtu mzima amevua kofia, na wewe hukuzaliwa mahali ambapo mtu mzima huachwa na salamu yake mkononi.

Picha ilipokwisha, mkalimani alitangaza kwamba mchekeshaji huyo hayupo tena duniani. Alikuwa mgonjwa alipoitengeneza picha ile, na baada yake hakutengeneza nyingine. Wewe ulimwendea mkalimani, ukamwuliza jambo ambalo hakulitazamia: mtani wake alikuwa nani? Nani alimcheka siku ya kumzika? Mkalimani alisema kwamba hajui, na kwamba anavyodhani Wazungu hawana watani. Ulirudi kwangu umekunja uso. Uliniambia kwamba basi mzee yule amezikwa nusu.

Nilidhani unatania.

Juma hili gari la sinema limerudi, na kati ya picha zake imo ile ile. Nilikwenda. Sikwenda kujifurahisha, mtani wangu, nilikwenda kama mwanafunzi. Nilitaka kuona anafanyaje. Nilikaa mbele, mgongo umenyooka, nikamkazia macho kama ninavyomkazia mtoto ninayemsikiliza akisoma. Tangu redio ianze kutuambia kwamba kuna chombo kinachoizunguka dunia kikweli, vijana hawaicheki tena safari ya mwezini. Wanabishana juu yake. Nami niliona mambo ambayo safari ya kwanza hayakunifikia. Niliona kwamba koti linampwaya, na kwamba kila anapomaliza kuanguka huegemea kitu kidogo kabla ya kusimama. Kifua chako nacho kilikufanya uegemee hivyo mwaka wako wa mwisho, ulipokuwa ukisukuma baiskeli kutoka Kabuta. Ulisimama, ukaegemea usukani, ukasema unaangalia mandhari. Tena niliona kwamba hacheki kamwe. Tangu mwanzo wa picha hadi mwisho wake, hata tabasamu hana. Anafanya kazi yake kwa adabu, na dunia ndiyo inayomwendea kombo.

Nilianza kuogopa salamu ile kabla haijafika. Mzee alishuka, akajikung'uta, akavua kofia, akainama. Uwanja ulijua. Wengi walikuwapo safari ya kwanza, na niliwasikia wakigeuka mmoja mmoja kunitazama, kwa kuwa wewe hukuwapo na mimi ni mtani wako. Mzee alibaki ameinama. Nakwambia, kimya kile kilikuwa kirefu kuliko mahubiri yangu yote.

Sijui magoti yangu yalikubali vipi. Nilijikuta mbele ya shuka, nimechuchumaa, mimi mzee wa kanisa, suruali niliyoipiga pasi ikigusa vumbi. Nilipiga makofi. Nilitafuta maneno yako, sikuyapata, nikatumia yangu.

"Karibu, mzee," nilisema kwa sauti ya darasani. "Aliyekuwa akikupokea hapa ameondoka bila ruhusa. Nimeachiwa kazi yake, na sijafundishwa."

Uwanja ulilipuka. Sikuelewa kwa nini, kwa kuwa sikuwa nimetania. Nilisimama, nikawataka wanyamaze, nao wakazidi. Kutoka nyuma ya shuka, upande wa nyumba yako, nilisikia kicheko kimoja ninachokijua, kifupi, cha kuzibwa kwa kiganja. Mama Chanda, kwa kuwa ana matanga, hakuweza kuketi nasi uwanjani. Alikuwa ameketi ukutani kwake, akiitazama picha kwa nyuma, mkono wa kulia wa mzee ukiwa wa kushoto, na mimi nikiwa kivuli kilichochuchumaa miguuni pake.

Asubuhi iliyofuata, yaani leo, aliniletea koti lako na baiskeli yako. Aliviacha ukutani bila kuingia ndani. Nilianza kumweleza kwamba pengine kesho sitaweza, kwamba jambo la jana lilinitoka tu, kwamba heshima yangu kanisani ni kitu cha kufikiriwa. Alinisikiliza mpaka mwisho.

"Fanya vile vile, Mwalimu," alisema. "Ukasirike tu."

Nimelivaa koti. Linanipwaya kwapani na mikono inanifunika vidole. Mfukoni mna magamba ya samaki na kipande cha kamba. Nimetembea nalo chumbani, huku na huku, nikiegemea meza kila nifikapo mwisho wa chumba, nikisema kwamba naangalia mandhari. Mara ya kwanza niliona haya mbele ya kuta zangu. Mara ya pili nililazimika kutoka nje kufagia. Tangu hapo nafagia na kutembea, natembea na kufagia, na majirani wameanza kuchungulia.

Kesho nitaingia uani kwako nikiwa juu ya baiskeli. Unajua vizuri kwamba sijawahi kuipanda. Ulinicheka kwa hilo miaka yote, ukasema kwamba Mamba ana tumbo la kutambaa tu. Nitafunga kitunga nyuma, nitawaambia wote kwamba wewe ulikuwa mwizi wa njia, mlevi wa maneno, mtu aliyekuja darasani kwangu na samaki na kunifanya nimle mbele ya heshima yangu. Nitawaambia kwamba umeniachia salamu za watu usiowafahamu ili niziitikie mimi. Nitayasema kwa hasira, kwa sababu nina hasira nawe, mtani wangu, na kwa sababu mjane wako ameomba hivyo. Akicheka, kitambaa kitavuliwa, na kesho kutwa mtumbwi utampeleka Kilwa.

Wewe hutazikwa nusu.

Naweka kalamu chini. Baiskeli iko ukutani na mchana bado mrefu. Nina nafasi ya kuanguka mara kadhaa kabla watu wa matanga hawajaanza kufika.

Ni mimi, mtani wako,
Mamba uliyemng'oa meno