Unga wa Kwenye Soksi

Mama Neema mpenzi,

Nakuandikia kutoka mji mdogo wa mpakani huku Laos, kando ya mto Mekong. Ule unga uliouficha kwenye soksi zangu ukidhani nitakufa njaa nimeukuta. Wali wa huku unanata, wanaumega kwa mkono kama sisi na ugali. Basi mimi, ambaye huniruhusu hata kugusa sufuria, nikaazima ya mama mmoja muuza chakula nikasonga. Wateja wake wakauchovya kwenye mchuzi wa samaki mpaka ukaisha, nikaambulia ukoko. Sasa kila nikipita ananiigizia kusonga, anataka mwingine.

Waambie watoto huko nyumbani Weston, wanaosukuma ugali pembeni wakingoja piza, kwamba huku umegombewa. Nimekukumbuka sana. Nikirudi, mwiko nashika mimi.

Baba Neema