Vumbi Nililolitupa

Jumatatu, 3 Machi

Profesa kaniita ofisini. Kasema miaka miwili inatosha. Nisipomwonyesha sayari hata moja kufikia tarehe kumi na nne, mradi unafungwa na mimi nahamia kundi la watafiti wa nyota kubwa. Nimeitikia "sawa, Profesa" kama mtoto wa shule. Vibete vya kahawia mia tatu nimevichungulia, na vyote vimeninyamazia!

Navipenda hivyo hivyo. Vikubwa kuliko sayari, vidogo mno kuwa nyota – havikuwahi kuwaka sawasawa, vinafifia tu polepole. Miwani, jirani yangu wa meza, huviita wanafunzi waliofeli. Lakini vingi vilizaliwa vikizungukwa na sahani ya vumbi, na sayari huanzia kwenye vumbi. Basi ziko wapi?

Jumapili, 9 Machi

Nilikwenda kwa mama kumfagilia chumba cha cherehani. Chini ya meza, vumbi na nyuzi zilikuwa zimejiviringisha kuwa madonge madogo. Nikamwambia, mama, dunia ilianza hivi hivi – punje inanasa punje, donge linanasa donge. Akacheka, akasema basi yeye ana dunia kibao chini ya kabati.

Nikazoa, nikataka kumwaga. Akanishika mkono. "We mwanangu, fundi hamwagi taka bila kupekua! Na vifungo vyangu je?" Akapekua. Vifungo vitatu na sindano.

Na taka zangu mimi, nani huzipekua?

Jumatatu, 10 Machi

Mjinga mimi! Mjinga, mjinga!

Programu ya kusafisha data niliirithi kwa kundi la nyota kubwa. Sayari ikipita mbele ya nyota kama jua, mwanga hupungua kidogo sana. Ukipungua zaidi ya asilimia tatu, programu inaona ni hitilafu, inatupa. Kwa jua ni sawa. Lakini kibete changu ni kidogo kuliko jua mara kumi kwa upana! Sayari ndogo tu inaziba asilimia nne.

Nimefungua faili la taka. Kibete namba 117: mwanga unashuka, unapanda. Baada ya saa thelathini na moja, tena. Mara sita! Huenda nilitupa ulimwengu mzima kwa mkono wangu.

Jumanne, 11 Machi

Miwani kasema hata hitilafu hujirudia, nisijipe presha. Profesa kaniombea saa moja ya darubini kubwa ng'ambo, Alhamisi. Usiku wao ni asubuhi yetu. Mwanga ukishuka saa 4:12, kama nilivyopiga hesabu, ni sayari. Usiposhuka, ni taka.

Alhamisi, 13 Machi

Saa 4:00. Nukta za kipimo cha mwanga zinaingia kwenye skrini, moja kila nusu dakika; mwanga ukipungua, nukta inashuka. Zimenyooka. Mama kapiga simu: imeonekana? Bado, mama. Kasema hakati simu, anashona tu.

Mwanga huu uliondoka kule kabla sijazaliwa. Kitu kilichoshindwa kuwa nyota, na vumbi lake haba – na bado huenda lilitosha kutengeneza mahali! Naogopa, na nina furaha, vyote pamoja.

4:10. Zimenyooka. Profesa kasimama nyuma yangu, amekataa kiti.

4:12. Zimenyooka.

4:13. Miwani ananitazama kwa huruma. Namchukia.

4:14. Nukta moja iko chini. Moja si kitu. Mama, simamisha cherehani kwanza –

ya pili iko chini yake